Kinachozungusha Tabaini: Somo la Umeme wa Maji, Mvuke na Upepo kwa Wakazi wa Embu

Kwa wakazi wa Mbeere Kusini, Mto Tana ni jirani wa kila siku. Pale Kindaruma, maji ya mto huu yalianza kuzungusha mashine za umeme mwaka wa 1968. Baadaye kukajengwa Kamburu, Gitaru, Masinga na, mwaka wa 1988, Kiambere. Mitambo hii mitano inasimamiwa na kampuni ya KenGen, na kwa pamoja ina uwezo wa kuzalisha karibu megawati 600.

Hata hivyo, wengi waliokulia karibu na mabwawa haya hawajawahi kuona kinachofanyika ndani ya kuta zake. Wanachoona ni maji yakiingia upande mmoja na kutoka upande wa pili, na nyaya zikipita juu ya mashamba kuelekea Nairobi. Ndiyo maana katika mabaraza maswali ni yale yale. Kwa nini ukame huleta wasiwasi wa umeme? Kwa nini nguzo kubwa za chuma hupita juu ya boma ambalo halina taa? Na je, kijito kinachoshuka kutoka Mlima Kenya kupitia Manyatta au Runyenjes kinaweza kuwasha taa za kijiji?

Swali la tatu ndilo linalogusa mfuko wa mwananchi moja kwa moja. Kikundi kinaweza kuchanga pesa, kikanunua mashine, kisha kikagundua kwamba mto wao hauwezi kuizungusha. Mashine si mbovu na mto si mbaya, ila viwili hivyo havikupaswa kukutanishwa. Somo hili linaeleza jinsi aina mbalimbali za tabaini zinavyofanya kazi, na jinsi mkazi anavyoweza kupima maji yake kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kazi ni moja: kuzungusha

Tabaini ni gurudumu lenye mapanga au vikombe. Kitu kinachosonga kwa nguvu, kama maji, mvuke, upepo au hewa moto, husukuma mapanga hayo na gurudumu likazunguka. Gurudumu limefungwa kwenye shafti, na shafti hiyo huzungusha jenereta. Tabaini yenyewe haitoi umeme. Kazi yake inaishia kwenye kuzungusha.

Anayetaka kuelewa jenereta akumbuke dainamo ya baiskeli. Ndani yake mna sumaku na waya wa shaba uliosokotwa mara nyingi. Sumaku ikizunguka karibu na waya, umeme hutembea ndani ya waya. Kanuni hii iligunduliwa na Mwingereza Michael Faraday mwaka wa 1831, na ndiyo inayotumika hadi leo katika dainamo ndogo na katika mashine kubwa za Gitaru.

Dainamo ya baiskeli inafunza jambo la pili. Taa ikiwashwa, pedali huwa nzito. Vivyo hivyo, watu wakiwasha pasi na majiko ya umeme jioni, jenereta huwa nzito na tabaini hutaka kupunguza mwendo. Mwendo huo haufai kubadilika, kwa sababu umeme wa Kenya hupigwa kwa kipimo cha mizunguko 50 kwa sekunde na vifaa vyote vimetengenezwa kwa kipimo hicho. Basi, kila mtambo una kifaa kinachofungua mlango wa maji au wa mvuke zaidi pale mzigo unapoongezeka, na kuufunga kidogo mzigo unapopungua.

Tofauti kati ya tabaini moja na nyingine hutokana na kinachoisukuma, na kwa nguvu gani.

Tabaini za maji

Nguvu ya maji hutokana na mambo mawili. La kwanza ni wingi wake, yaani lita ngapi zinapita kwa sekunde. La pili ni kimo, yaani maji yanashuka mita ngapi kutoka pale yanapochukuliwa hadi pale mashine ilipo. Maji machache yanayoshuka kutoka juu sana yanaweza kuwa na nguvu sawa na maji mengi yanayoshuka kidogo. Lakini maji ya namna hizo mbili hayatumii tabaini ya aina moja.

Pale penye kimo kirefu na maji machache, tabaini inayofaa ni ya Pelton. Mmarekani Lester Pelton alipewa hataza yake mwaka wa 1880, baada ya kuona shida ya kuendesha mashine katika machimbo ya dhahabu ya California. Gurudumu lake lina vikombe pembeni, kila kikombe kikiwa kama vijiko viwili vilivyounganishwa. Maji hushuka kwenye bomba refu na kutoka kupitia mdomo mwembamba kwa kasi kubwa, kama maji ya mpira wa bustani mtu anapoubana kwa kidole. Yanagonga vikombe kimoja baada ya kingine na gurudumu linazunguka.

Pale penye kimo cha wastani na maji mengi, hutumika tabaini ya Francis, iliyopewa jina la James Francis, mhandisi aliyeitengeneza Marekani mwaka wa 1848. Hii haipigwi kwa mkondo mmoja. Imezamishwa ndani ya maji, katika kasha lililojikunja kama konokono. Maji huingia kutoka pande zote, hubana kupita katikati ya mapanga yaliyopinda, kisha hutokea chini. Mitambo mingi mikubwa nchini ni ya aina hii, ikiwemo Turkwel na Sondu Miriu.

Pale penye kimo kifupi na maji mengi sana, huwekwa tabaini ya Kaplan, iliyobuniwa na Viktor Kaplan wa Austria mwaka wa 1913. Inafanana na rafadha ya meli. Sifa yake kubwa ni kwamba mapanga yake yanaweza kugeuzwa pembe wakati mashine inazunguka. Maji yakipungua, mapanga hugeuzwa kidogo ili maji yale machache yatumike vizuri. Kindaruma hutumia tabaini za Kaplan. Mtambo huo ulianza na mashine mbili, kisha ya tatu ikaongezwa na uwezo wake ukafika megawati 72.

Aina ya nne ni ndogo na haipatikani kwenye mabwawa makubwa, lakini ndiyo ambayo vijiji vingi hutumia. Huitwa tabaini ya Banki. Ina umbo la pipa lenye vipande vya bati nene vilivyopangwa kuzunguka pembeni. Maji huingia upande mmoja, hupita katikati ya pipa na kutoka upande wa pili, hivyo husukuma mapanga mara mbili. Fundi hodari wa kuchomelea vyuma anaweza kuitengeneza na kuirekebisha bila kuagiza vipuri kutoka ng'ambo.

Mto mmoja, kazi tano

Mabwawa ya Tana yamepangwa kama ngazi. Masinga ndiyo ghala. Lilijengwa kuhifadhi takriban mita za ujazo milioni 1,560 za maji ya msimu wa mvua ili yatumike wakati wa kiangazi. Mashine zake zina megawati 40 pekee, lakini tone linalotoka hapo hufanya kazi tena Kamburu kwenye megawati 94, kisha Gitaru yenye megawati 225, kisha Kindaruma, na mwisho Kiambere yenye megawati 168. Gitaru ndio mtambo wa maji wenye uwezo mkubwa zaidi nchini.

Kwa hivyo lita moja ikikosekana juu, hukosekana mara tano. Mwaka wa 2009 ukame ulilazimisha mtambo wa Masinga kuzimwa baada ya maji kushuka kupita kiasi. Jibu la swali la kwanza liko hapo: tabaini ya maji haiwezi kuzunguka zaidi ya vile mvua inavyoruhusu.

Kuna adui mwingine asiyeonekana haraka kama ukame, nao ni udongo. Maji ya Mto Rupingazi hujiunga na Thiba na kuingia bwawa la Kamburu. Mvua kubwa ikinyesha kwenye shamba lisilo na matuta, udongo mwekundu husombwa hadi mtoni, na mwisho wake ni bwawani. Bwawa linalojaa matope hubeba maji machache. Mchanga nao hukwaruza mapanga ya tabaini kama msasa unavyokwaruza mbao. Mkulima wa Manyatta anayechimba matuta na kupanda nyasi ya mabingobingo kwenye kingo huhifadhi rutuba yake mwenyewe, na hapo hapo hulinda umeme wa nchi nzima.

Tabaini za mvuke

Sufuria ya ugali ikifunikwa wakati maji yanachemka, kifuniko hurukaruka. Mvuke una nguvu ya kusukuma, na tabaini ya mvuke hutumia nguvu hiyo. Mwingereza Charles Parsons alitengeneza ya kwanza ya kisasa mwaka wa 1884.

Ndani yake hakuna gurudumu moja bali safu nyingi za mapanga madogo kwenye shafti moja. Mvuke huingia ukiwa na shinikizo kubwa, husukuma safu ya kwanza, hupanuka, husukuma ya pili, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Ndiyo sababu mapanga ya mwanzo ni mafupi na ya mwisho ni marefu. Mashine kama hizi huzunguka kwa kasi sana. Nyingi huenda mizunguko 3,000 kwa dakika, ilhali tabaini kubwa ya maji huenda mamia machache tu.

Katika nchi nyingi mvuke hupatikana kwa kuchoma makaa ya mawe. Kenya ina bahati ya kuupata ardhini. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, visima huchimbwa hadi kilomita mbili au tatu kufikia miamba yenye joto. Kinachotoka ni mchanganyiko wa mvuke na maji moto. Kwanza hupitishwa kwenye chombo cha kutenganisha, kwa sababu matone ya maji yakigonga mapanga yanayozunguka kwa kasi ile yanaweza kuyaharibu. Mvuke mkavu ndio unaoingia kwenye tabaini. Mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kazi mwaka wa 1981, na tangu hapo mingine mikubwa imejengwa.

Pale ambapo maji ya kisima ni moto lakini mvuke ni mdogo, hutumika njia nyingine. Maji hayo hupasha joto kioevu kinachochemka upesi kuliko maji, na mvuke wa kioevu hicho ndio unaozungusha tabaini. Kioevu hupozwa, hurudi kuwa majimaji, kisha huzungushwa tena bila kutoka nje. Mtambo wa Olkaria III hutumia njia hii.

Faida kubwa ya mvuke wa ardhini ni uthabiti wake. Haujali kiangazi wala usiku.

Tabaini za upepo

Wengi hudhani upepo husukuma mapanga marefu kama unavyosukuma mlango. Ukweli ni kwamba mapanga hayo yamechongwa kama bawa la ndege. Upepo ukipita, shinikizo upande mmoja wa panga huwa dogo kuliko upande wa pili, na panga huvutwa kuelekea upande huo. Nguvu inayoinua ndege angani ndiyo inayozungusha tabaini ya upepo.

Kule Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, kuna tabaini 365 za aina hii. Kila moja ina uwezo wa kilowati 850, na duara linalochorwa na mapanga yake lina upana wa mita 52. Kwa pamoja zina megawati 310. Umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Milima ya Ngong na eneo la Kipeto katika Kaunti ya Kajiado pia zina mitambo ya upepo.

Jambo la kuzingatia ni hili: nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane. Kwa upande wa pili, mahali penye nusu ya upepo wa Loiyangalani hapatoi nusu ya umeme, bali sehemu moja kwa nane. Hii ndiyo sababu kilima kinachohisi upepo mchana si lazima kifae. Wataalamu hupima kasi ya upepo mahali husika kwa angalau mwaka mmoja kabla ya kujenga. Upepo ukizidi sana nao, tabaini hujizima ili isivunjike.

Za gesi, na zisizo tabaini

Tabaini ya gesi inafanana na injini ya ndege. Hewa hushindiliwa, mafuta au gesi huchomwa ndani yake, na hewa moto inayotoka kwa kishindo husukuma mapanga. Huwaka upesi na kwa hivyo hufaa wakati wa dharura, lakini mafuta ni ghali. Muhoroni ina mitambo ya aina hii. Mitambo ya dizeli kule Kipevu, Mombasa, si tabaini. Ni injini zenye pistoni kama za lori, ila kubwa zaidi. Paneli za sola nazo hazina kitu chochote kinachozunguka.

Gharama ya mafuta yanayochomwa huongezwa kwenye bili ya kila mteja. Kwa hivyo, maji yanapopungua bwawani na mitambo ya mafuta kuwashwa, mwananchi wa Embu huhisi hilo mfukoni hata kama taa yake haijazima.

Kwa nini waya hupita juu ya boma lisilo na taa

Umeme ukisafirishwa mbali kwa volti ndogo, sehemu kubwa hupotea njiani kama joto kwenye nyaya. Ili kuzuia hasara hiyo, umeme unaotoka kwenye mabwawa hupandishwa hadi volti 132,000 au 220,000 kabla ya kuanza safari. Nyumba hutumia volti 240.

Kutoa umeme kwenye laini kubwa kama hizo kunahitaji kituo kizima cha kushusha volti, si transfoma moja ya kijiji. Ndiyo maana boma lililo chini ya nguzo hungojea laini ndogo itoke kwenye kituo kilichojengwa, hata kama kiko mbali. Kujua hivi hakuondoi uchungu wa kungoja. Lakini kunamsaidia mkazi kuuliza swali linalofaa kwenye vikao vya maoni ya umma: kituo cha karibu cha kushusha volti kiko wapi, na laini ndogo itafika kwetu lini? Kunaokoa maisha pia. Umeme wa volti hizo unaweza kuruka hewani bila waya kuguswa, na hakuna fundi wa mtaani anayeweza kuuchezea akabaki hai.

Kupima kijito kabla ya kununua mashine

Sasa turudi kwa swali la kijito. Kipimo kinaweza kufanywa na watu watatu, kwa nusu siku.

Kwanza, pimeni wingi wa maji. Kama ni kijito kidogo, elekezeni maji yote kwenye ndoo ya lita 20 na mhesabu sekunde za kujaa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 4, hiyo ni lita 5 kwa sekunde. Kama ni mto mkubwa kidogo, tafuteni sehemu iliyonyooka ya mita 10. Tuseme upana wake ni mita 1 na kina cha wastani ni sentimita 20. Tupeni kipande cha kijiti majini na mhesabu sekunde. Kikichukua sekunde 20, maji ya juu yanakwenda nusu mita kwa sekunde. Zidisheni upana kwa kina kwa kasi: 1 mara 0.2 mara 0.5 ni mita ya ujazo 0.1, yaani lita 100 kwa sekunde. Maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu kwa sababu ya mawe, kwa hivyo chukueni robo tatu tu ya hesabu hiyo, yaani lita 75.

Pili, pimeni kimo. Chukueni mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, mjaze maji bila kuacha viputo. Mmoja ashike ncha moja juu, usawa wa maji yanakochukuliwa. Mwingine ashuke na ncha ya pili akiwa na fimbo iliyowekwa alama za mita. Maji ndani ya mpira hukaa usawa mmoja pande zote, na fimbo itaonyesha mmeshuka kiasi gani. Rudieni hatua kwa hatua hadi chini, kisha mjumlishe.

Tatu, pigeni hesabu. Kila lita moja kwa sekunde inayoshuka mita moja ina nguvu ya karibu wati 10. Mtambo mdogo wa kijiji hupoteza karibu nusu kwenye bomba, tabaini na jenereta, kwa hivyo hesabuni wati 5. Mto wa lita 75 wenye kimo cha mita 12 utatoa 75 mara 12 mara 5, yaani wati 4,500, au kilowati 4.5. Tabaini ya Banki ingefaa hapo. Kijito cha lita 10 chenye kimo cha mita 60 kitatoa wati 3,000, na hapo Pelton ndiyo yenyewe. Anayeuza Pelton kwa kikundi chenye kimo cha mita 4 anauza chuma cha kupamba ukingo wa mto.

Nne, pimeni wakati wa kiangazi. Kipimo cha Aprili au Novemba kitadanganya. Mto unaotoa lita 75 wakati wa mvua unaweza kubaki na lita 15 mwezi wa Februari. Tena hamwezi kuchukua maji yote, kwa sababu walio chini wana mifugo na mashamba, na samaki nao wanahitaji mto.

Tano, jiulizeni umeme huo utafanya nini. Kilowati 4.5 zinaweza kutosha nyumba 30, kila moja ikipewa wati 100 za taa, redio na kuchaji simu, na akiba ikabaki. Lakini birika moja la umeme linaweza kula kilowati 2. Nyumba tatu zikichemsha chai pamoja, kijiji kizima kitabaki gizani. Kinu cha kusaga unga kwa kawaida kitahitaji zaidi ya uwezo wote huo. Kikundi kisichokubaliana mapema juu ya matumizi kitagombana baadaye.

Katika kaunti jirani ya Tharaka-Nithi, wakazi wa Mbuiru walijenga mradi wa Tungu-Kabiri wenye uwezo wa kilowati 18, wakishirikiana na wataalamu. Walitoa nguvu kazi wao wenyewe. Badala ya kujaribu kufikisha waya kila nyumbani, umeme ulielekezwa kwenye kituo cha biashara ndogo ndogo. Kilowati chache zikitumiwa mahali pamoja, hufanya kazi kubwa kuliko zikitawanywa.

Sheria inasemaje

Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, mtu anayezalisha umeme wa matumizi yake mwenyewe usiozidi megawati 1 hahitaji leseni ya kuzalisha. Akitaka kuwauzia majirani, ni lazima aende kwa mamlaka ya EPRA. Kuchukua maji mtoni kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, hata kama maji hayo yatarudishwa mtoni baada ya kuzungusha mashine. Mradi pia hupaswa kupata idhini ya NEMA kuhusu mazingira. Katiba nayo imezipa kaunti jukumu la kupanga usambazaji wa umeme na gesi, na sheria inazitaka ziwe na mpango wa kawi. Maoni ya wakazi kuhusu mito yao yana nafasi katika mpango huo.

Kabla ya kikundi kulipa, muuzaji aulizwe maswali haya mbele ya wanachama wote:

1. Mashine hii imetengenezwa kwa kimo cha mita ngapi na lita ngapi kwa sekunde?
2. Itatoa kilowati ngapi mwezi wa Februari?
3. Beringi zikiharibika, zinapatikana wapi na nani atazibadilisha?
4. Nini kitazuia mchanga, majani na matawi kuingia kwenye bomba?
5. Kuna mradi mwingine aliojenga ambao wanachama wanaweza kuutembelea?

Asiyeweza kujibu mawili ya kwanza hajapima mto. Na asiyepima mto asipewe pesa.

Tahadhari kwa walio karibu na mabwawa

Chini ya kila bwawa kuna mahali maji hutokea baada ya kuzungusha tabaini. Mahali hapo huonekana patulivu mashine zikiwa zimezimwa. Zikiwashwa kwa sababu mahitaji yamepanda Nairobi, maji yanaweza kupanda ghafla bila mvua hata moja kunyesha Mbeere. Wazazi wawakanye watoto wasiogelee wala kuvua samaki hapo, na wafugaji wasivushe mifugo. King'ora kikilia, kila mtu aondoke mtoni mara moja.

Kwenye mitambo midogo, mkanda unaounganisha tabaini na jenereta ufunikwe kila wakati. Leso, shuka au mkono wa shati ukinaswa na shafti inayozunguka, hakuna mtu mwenye nguvu ya kuizuia.

Kikundi kilichokwisha kupima kijito chake kinaweza kupeleka vipimo kwa ofisi ya msimamizi wa wadi, vikiwa vimeandikwa tarehe, mahali, lita kwa sekunde na mita za kimo. Vipimo vya Februari na Machi ndivyo vitakavyotangulia kuangaliwa.